Nyoka wa Maji na Nasaba Yake

Watu wa Bunju, na hususa wale wanaolima mchicha, matembele na mpunga katika mabonde yanayoteremkia Mto Mpiji, ambao ndio mpaka baina ya Dar es Salaam na Bagamoyo, wana jina moja tu kwa kila nyoka mwembamba wa rangi ya tope wanayemwona akikata maji au akijisokota chini ya gogo la mgomba, nalo ni nyoka wa maji. Na jina hilo, ambalo si la uongo, maana ni kweli kwamba huyo majini ndiko kwao, limebeba ndani yake swali lililowahangaisha wanazuoni wa hayawani kwa zaidi ya miaka mia mbili: je, viumbe wanaoishi mahali pamoja, kwa desturi moja na kwa rangi moja, ndiyo kusema ni wa ukoo mmoja?

Mimi swali hilo nililikuta mwisho wa masika, katika shamba la mchicha la mama mmoja mtu mzima ambaye nilikwenda kwake kununua mboga, nikamkuta yeye na mjukuu wake wakizibua mfereji. Kijana aliinua gogo la mgomba lililooza, na chini yake akatoka nyoka asiyefika urefu wa mkono, akawa anakimbilia majini. Kijana akamkanyaga mkia kwa buti. Yule nyoka hakugeuka kuuma, bali alianza kujizungusha mwili mzima, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayekamua nguo, mpaka mkia ukakatika ukabaki chini ya buti ukirukaruka peke yake topeni. "Mtoto wa swila huyo, mwanangu, usimwache!" akasema mama, na kabla sijamaliza kusema "Ngoja kwanza, mama," jembe lilikwisha kushuka. Kisha yeye mwenyewe akainama akautazama ule mkia kwa muda mrefu, kwa sababu mkia wa mjusi kukatika ni jambo analolijua kila mtoto, ama wa nyoka hakuwa amepata kuuona.

Niliomba nipewe mzoga, nikauosha kwa maji ya mfereji na kuulaza juu ya jani la mgomba. Mgongo ulikuwa wa rangi ya zeituni iliyoiva, na katikati yake, kutoka shingoni kwenda mkiani, ukipita mkanda mpana wenye weusi kidogo, uliopambwa pembeni kwa vitone vyeupe vidogo mno vinavyoonekana tu ngozi ikiwa bado mbichi. Tumbo lilikuwa la manjano. Magamba ya mdomo wa juu yalikuwa ya manjano pia, kila moja likitiwa wino mweusi ukingoni, na mboni ya jicho ilikuwa duara kamili. Kwa ncha ya kijiti cha kiberiti nilihesabu safu za magamba kuuzunguka mwili katikati, kutoka ukingo mmoja wa tumbo hadi ukingo wa pili, nikapata 19. Nikahesabu tena, nikapata 19. Na kila gamba lilikuwa laini, bapa, lisilo na tuta lolote katikati yake. Mambo hayo mawili, hesabu ya safu na ulaini wa gamba, yakiongezwa juu ya rangi ile na mkia ule, yanatosha kumtambulisha nyoka huyu mbele ya mwanazuoni yeyote: ni Natriciteres olivacea, nyoka wa vinamasi, asiye na sumu ya kumdhuru binadamu, na ambaye hata akishikwa mkononi ni nadra kuuma. Kwa swila hana udugu wowote wa karibu.

Sasa tuitazame historia ya jina lake, maana ndani ya jina hilo mna safari ndefu. Aliyemwandika kwanza katika vitabu vya ilimu ni Mjerumani Wilhelm Peters, ambaye kati ya mwaka 1842 na 1848 alizunguka Msumbiji akikusanya wanyama, na mwaka 1854 akamtangaza nyoka aliyetoka Tete, katika bonde la Zambezi, ambaye vitabu vya karne hiyo vilikuja kumwita Tropidonotus olivaceus. Sehemu ya pili ya jina hilo haina ugumu, ni zeituni. Ya kwanza ndiyo yenye kisa, kwa kuwa ni maneno ya Kiyunani yenye maana ya mgongo wenye mkuku, mkuku ule ule tunaoujua sisi watu wa pwani, ubao mrefu unaopita chini ya jahazi na kuligawa maji. Na nyoka wengi wa maji wa Ulaya na Asia kweli wana magamba ya namna hiyo, kila moja lina mstari ulioinuka katikati, hata mgongo wao ukiupapasa unakwaruza. Huyu wetu hana. Mgongo wake ni laini kama chombo kilichopakwa sifa jana. Alitiwa katika jamii ya wenye mikuku kwa sababu alifanana nao kwa mengine mengi: umbo, makazi, chakula, meno, na kwa hiyo jina hilo lilikuwa na hitilafu ndani yake.

Hitilafu hiyo haikuwa yake peke yake. Mwaka 1768 Laurenti alikuwa ameunda jenasi ya Natrix kwa ajili ya nyoka wa maji wa Ulaya, yule ambaye Linnaeus alimwita Coluber natrix mwaka 1758. Na miaka ilivyopita jenasi hiyo, pamoja na Tropidonotus iliyokuwa ikishindana nayo, ikageuka ghala ambamo kila nyoka wa maji asiye na sumu, awe ametoka Mto Thames, au Mississippi, au vijito vya milima ya China, au mfereji wa mpunga wa Afrika ya Mashariki, alitupwa humo bila kuulizwa sana habari za wazee wake. Sioni vema kuwalaumu wanazuoni wa wakati ule, ambao walikuwa na mizoga iliyolowekwa katika spiriti na wala hawakuwa na njia ya kusoma nasaba. Lakini ni dhahiri kwamba kanuni yao, ukiivua joho la Kilatini, haikutofautiana sana na ya mama wa Bunju.

Aliyeanza kulifungua ghala kwa upande wetu ni Arthur Loveridge, Mwingereza aliyezaliwa Wales mwaka 1891, akaja Nairobi mwaka 1914 kutunza makumbusho, akapigana katika vita vya Tanganyika, kisha akawa msaidizi wa Bwana Nyama katika nchi hii kabla ya kuitwa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924, ambako alikaa na mijusi na nyoka wa Afrika ya Mashariki hadi alipostaafu mwaka 1957. Yeye ndiye aliyewatoa nyoka hawa wa vinamasi katika Natrix mwaka 1953 na kuwapa jenasi yao wenyewe, Natriciteres, akizingatia yale magamba laini ambayo waliomtangulia waliyapita. Miaka saba baadaye, mwaka 1960, Mmarekani Edmond Malnate aliligawa ghala zima katika mafungu. Na mwaka 1977 Rossman na Eberle wakaendeleza kazi hiyo kwa makala moja iliyozaa, kwa pamoja, jenasi ya Afronatrix kwa nyoka wa maji wa Afrika ya Magharibi na jenasi ya Sinonatrix kwa wale wa vijito vya China na nchi jirani zake.

Mmoja wa hao wa China astahili kutazamwa kidogo, kwa kuwa habari zake zatufaa tukilinganisha. Boulenger alimtangaza mwaka 1899 kutoka milima ya Fujian kwa jina la Tropidonotus percarinatus, maana yake mwenye mkuku mno, na kweli magamba yake yanakwaruza barabara. Anakaa katika vijito vya mawe, anakula samaki na vyura. Akapelekwa Natrix, akatolewa akapelekwa Sinonatrix, na mwaka 2019 watafiti walipobainisha kwamba jina Trimerodytes, lililotungwa na Cope mwaka 1895, lilikuwa la kundi hilo hilo na lilitangulia, Sinonatrix likaachwa, kwa mujibu wa sheria ya majina ya wanyama ambayo humpa haki aliyetangulia. Nyoka mmoja, majina manne, na yeye hajahama kijito chake. Katika milima hiyo hiyo, na kusini zaidi hadi Vietnam na visiwa vya Asia, wako pia wale wa jenasi ya Opisthotropis, iliyotangazwa na Günther wa makumbusho ya Uingereza mwaka 1872, ambao hukaa chini ya mawe ya vijito vya mlimani na kutoka usiku kuwinda nyungunyungu, kamba na samaki wadogo, na pua zao zimesogea zikatazama juu ili wavute pumzi bila kuinua kichwa. Na jina lao nalo ni la mkuku!

Je, hawa na yule wa Mpiji wana udugu, au wamekutanishwa na maji tu? Kiswahili kimetupa neno zuri kwa jambo hili, kwa kuwa zile chembe za urithi zilizomo ndani ya kila seli ya mwili tunaziita vinasaba, na nasaba ndiyo hasa inayosomwa humo. Mwaka 2012 jopo lililoongozwa na Peng Guo lilisoma vinasaba vya nyoka wa aila hii, ambayo baadhi huiita Natricidae na wengine huifanya tawi tu la aila kubwa ya Colubridae, likapata kwamba asili ya wote ni Asia: kutoka huko tawi moja lilivuka kaskazini, kwa ile nchi kavu ya kale iliyounganisha Siberia na Alaska, likaingia Amerika, na tawi lingine likafika Afrika. Kwa hiyo Natriciteres wa Bunju ni jamaa wa kweli wa nyoka wa vijito vya Fujian, ingawa babu aliyewaunganisha alikufa mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kutia kasia majini. Hata Shelisheli, katikati ya Bahari ya Hindi, yuko mmoja wa aila hiyo, Lycognathophis seychellensis, asiyepatikana kwingine duniani.

Hapo Peters na wenzake walipata kweli kwa bahati. Lakini ukienda magharibi mwa nchi yetu, kanuni ile ile ya kufuata maji ingekupoteza kabisa, na mimi sijui mahali pafaapo zaidi kuionyesha hatari yake kuliko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambamo wanaishi nyoka wawili wa majini wasiokuwa na uhusiano wa karibu na wa Mpiji wala wao kwa wao.

Wa kwanza ni Lycodonomorphus bicolor, mdogo, wa rangi ya hudhurungi juu na nyeupe au manjano chini, ambaye mchana hulala baina ya mawe ya ufukweni na usiku hutoka kuvua samaki, naye hupatikana katika ziwa hilo tu. Günther yule yule alimtangaza mwaka 1893 kutokana na mkusanyo wa Edward Coode Hore, mmisionari aliyeishi ziwani. Ukimwona utasema ni ndugu wa nyoka wa Bunju, pacha wake hasa: umbo lile, rangi ile, magamba laini vile vile. Walakini nasaba yake ni ya wale nyoka wa nyumba, wanaoingia stoo na darini kufuata panya. Na desturi moja humfichua, kwamba akimkamata samaki humbana kwa mwili wake kama wafanyavyo nyoka wa nyumba na chatu, ilhali yule wa vinamasi hajui kubana, humshika chura na kuanza kummeza angali hai.

Wa pili ni mkubwa, hupita mita 2, wa kahawia mwenye pete chache nyeusi shingoni, na huyu sumu yake ni ya kuua. Kapteni Émile Storms, Mbelgiji aliyeshika vituo vya Karema na Mpala pande mbili za ziwa, alimpeleka kwao, na mwaka 1886 Louis Dollo akamtangaza kwa jina la Boulengerina stormsi, jenasi mpya kabisa aliyoitunga kwa heshima ya Boulenger, mbali na jenasi ya swila wa nchi kavu. Zaidi ya karne moja baadaye vinasaba vikaonyesha kwamba ndiye hasa, swila halisi aliyeteremka majini, na mwaka 2009 Wallach, Wüster na Broadley wakamwingiza rasmi ndani ya Naja pamoja na swila wengine. Leo huitwa Naja annulata stormsi. Kwa hiyo mama wa Bunju aliposema "mtoto wa swila" alikuwa akitaja jambo lililopo kweli duniani, yaani nyoka wa maji ambaye ni swila, ila anakaa ziwa ambalo liko upande wa pili wa nchi. Na ukitoka Bunju ukashuka mpaka ufuko wa Mbweni, upo uwezekano wa kukuta, ametupwa na mawimbi, nyoka mweusi mgongoni na wa manjano tumboni mwenye mkia bapa kama kasia: huyo ni Hydrophis platurus, wa baharini, anayezaa watoto hai majini na ambaye naye ni wa aila ya swila, kwa tawi lingine.

Kwa nyumbani kwetu, hata hivyo, swali gumu zaidi si la aila bali ni la daraja. Natriciteres si mmoja. Mbali na huyu wa zeituni, katika misitu ya mashariki mwa Tanzania yuko mwenzake mwenye safu chache za magamba, ambaye Donald Broadley wa Zimbabwe alimtangaza mwaka 1966 kama nususpishi tu, akamwita sylvatica, wa msituni. Na Pemba yuko yule ambaye Loveridge alimtangaza mwaka 1935, pembana, naye pia akimhesabu kuwa nususpishi. Baadaye wote wawili walipandishwa wakawa spishi kamili. Wapo wanaoona upandishaji huu kuwa ni wepesi wa kalamu. Kwa wa msituni sina hoja nzito, lakini kwa wa Pemba nasimama na waliompandisha, na sababu yangu ni bahari yenyewe. Unguja ilikuwa kipande cha bara hata jana ya jiolojia, takriban miaka 10,000 iliyopita, bahari ilipokuwa chini na mkondo wake ukiwa nchi kavu; ama Pemba imezungukwa na kilindi cha mamia ya mita, kisichoweza kukauka kwa kupwa kokote kwa zama za barafu, na ndiyo maana kisiwa hicho kina popo wake, njiwa wake na bundi wake wasiopatikana kwingine. Nyoka aliyefungiwa huko zama zote hizo bila kuchanganya damu na wa bara ana haki ya jina lake mwenyewe.

Maisha ya kila siku ya nyoka huyu wa vinamasi ni ya mtu mnyonge asiyetafuta ugomvi. Hutembea mchana na wakati wa magharibi, kandokando ya maji, akitafuta vyura wadogo, viluwiluwi na samaki wa mifereji, na kumbikumbi wakitoka baada ya mvua huwala pia. Jike hutaga mayai machache, kwa kawaida hayazidi 11, mahali penye unyevu chini ya majani yaliyooza. Meno yake hayamkingi na adui yeyote. Silaha yake ni ule mkia, na silaha hiyo hutumika kwa gharama kubwa, kwa maana mjusi akikata wake huota mwingine, lakini wa nyoka hauoti. Mjusi hukatika katikati ya pingili ya mfupa, palipoumbwa tayari kwa kukatika, ilhali nyoka hukatika baina ya pingili na pingili, kwa kujizungusha mpaka kiungo kiachie. Kila anayekutwa na kigutu ameponea mara moja, na akiba ya kuponea mara ya pili imepungua.

Nilirudi kwa mama wakati wa vuli, nikamwambia haya yote tukiwa tumeketi juu ya ndoo zilizofudikizwa, naye akasikiliza habari za China na Fujian kwa makini, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na hao wa Asia, nao hukata mikia?" Nikamjibu kwamba ndiyo, yuko mmoja, mvuvi wa mashamba ya mpunga ya Asia, aitwaye sasa Fowlea piscator, ambaye mwaka 1994 watafiti walieleza jinsi wa Vietnam wanavyokata mikia vivyo hivyo. "Basi ni ndugu kweli," akasema. Ikanibidi nimwambie kwamba hapana, si kwa ushahidi huo, kwa sababu hapa hapa nchini wako nyoka wa jenasi ya Psammophis, wakimbiaji wa vichakani, ambao si nyoka wa maji wala si wa aila hii, nao hukata mikia kwa namna ile ile. Kila ukoo umeujua ujanja huo kwa wakati wake.

Akanyamaza. "Kumbe hata mkia si shahidi," akasema, akasimama akalichukua jembe kwenda kumalizia mfereji, na lilipo gogo la mgomba akalipita kando bila kuligusa.